Kuchagua Kibodi ya MIDI: Tuliyojifunza kwa Kukosea

Maelezo yafuatayo yalitolewa katika semina ya siku moja ya walimu wa kwaya na kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni wetu wafadhili. Tunayachapa hapa kwa kuwa sharika kadhaa zimeomba nakala.



Tumeombwa kuzungumza juu ya kifaa kidogo ambacho hakizidi meza ya mwanafunzi kwa urefu, lakini katika miaka ya karibuni kimeonekana kwenye maombi ya miradi mengi yanayofika ofisini kwetu. Kifaa hicho ni kibodi ya MIDI. Kwaya nyingi zimechoka kulipia studio za mjini kwa saa. Zinataka kuwa na studio ndogo nyumbani kwa mmoja wa vijana, chumba kimoja chenye kompyuta, maiki na spika, ili zirekodi nyimbo zake kwa utulivu. Wazo hilo ni jema na tunaliunga mkono. Lakini kabla ya kuwaeleza namna ya kuchagua, tunapaswa kuwaeleza namna tulivyochagua vibaya. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia.

Tulivyokosea

Katika usharika mmoja wa milimani yupo mwalimu wa kwaya wa siku nyingi. Nyimbo zake ameziandika kwa sol-fa katika daftari moja la jalada gumu, nyimbo 43, nyingi zikiwa za sauti nne. Hakuna nakala nyingine ya daftari hilo. Macho ya mzee huyu yamepungua nguvu, na wanakwaya waliomfahamu tangu ujana wao wanazidi kupungua. Kamati ya usharika pamoja na ofisi yetu tuliona kwamba nyimbo hizo zisipoingizwa mahali pa kudumu, siku moja litabaki daftari tu ambalo hakuna awezaye kulisoma kama alivyokusudia mwenyewe.

Tukaandika mradi mdogo. Kijana wetu mmoja, fundi wa sauti, alikubali kutoa chumba cha nyuma nyumbani kwao. Katika bajeti tuliorodhesha laptopu, maiki mbili, spika mbili, na mstari wa mwisho uliosomeka hivi: "Kibodi, 1." Ndivyo tulivyoandika. Hatukueleza ni kibodi ya namna gani, ya vibao vingapi, wala kwa kazi gani.

Neno hilo moja lilieleweka kwa namna tatu. Wazee wa usharika walielewa kwamba kinakuja kinanda cha ibada. Mwenye duka alielewa kwamba tunataka kile alichokuwa nacho, akatupatia kibodi ya vibao 25, vidogo kama vya mtoto, yenye padi zinazowaka taa za rangi. Nasi ofisini tulielewa kwamba kazi imekwisha kwa sababu risiti imepatikana.

Jumapili iliyofuata wazee waliibeba kibodi hiyo kanisani, wakaiunganisha na umeme kwa adapta ya simu, wakaiweka mbele ya kwaya. Haikutoa sauti. Washarika walisubiri, mwinjilisti akaanzisha wimbo kwa mdomo, na ibada ikaendelea. Minong'ono ilianza siku hiyo hiyo kwamba fedha za mradi zimenunua kitu kibovu.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilipofikishwa studio kilifanya kazi yake vizuri. Lakini mzee wetu alipokaa mbele yake na kuweka mikono yote miwili, alikitazama kwa muda, kisha akamwuliza fundi, "Mwanangu, hiki kinanda mmekikata?" Kijana akamjibu kwa heshima, "Hapana, mzee. Ukitaka sauti ya chini bonyeza kitufe hiki, kitashuka." Mzee akajaribu. Kila besi iliposhuka ilimbidi aondoe mkono, abonyeze kitufe, arudi, na wimbo ulikuwa umekwisha kukatika. Baada ya saa moja alifunga daftari lake, akasema ataondoka mapema ili awahi gari.

Jambo linalotuumiza zaidi ni kwamba katika taarifa ya robo mwaka tuliandika: "Kibodi imenunuliwa na inatumika." Kila neno lilikuwa kweli, lakini taarifa nzima haikuwa kweli. Baadaye tuliwaandikia wafadhili barua ya pili, tukaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Hatukuomba fedha nyingine. Tuliomba ruhusa ya kurekebisha, na tulipewa. Haya tutakayowaambia sasa yametoka katika marekebisho hayo.

Kibodi ya MIDI ni nini

MIDI ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiunganishi cha kidijitali cha ala za muziki. Kabla yake, kinanda cha kampuni moja hakikuweza kuzungumza na kinanda cha kampuni nyingine. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, waliongoza juhudi za kupata lugha moja. Mwezi Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki huko California, vinanda vya kampuni mbili zilizoshindana viliunganishwa kwa waya na vikaelewana. Mwaka 2013 wawili hao walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Wote wamekwisha kufariki, Kakehashi mwaka 2017 na Smith mwaka 2022, lakini lugha yao inatumika mpaka leo.

Jambo la kushika ni hili: MIDI si sauti, ni maagizo. Ukibonyeza kibao, kibodi huipelekea kompyuta taarifa ya namba ya noti na nguvu uliyoibonyezea, na ukiachia hupeleka taarifa kwamba umeachia. Noti zina namba kuanzia 0 hadi 127, na C ya katikati ya piano ni namba 60. Nguvu ya kubonyeza nayo hupimwa mpaka 127. Sauti yenyewe, iwe ya piano, ogani, filimbi au ngoma, hutengenezwa na programu iliyo ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo kibodi ya MIDI ni kinanda bubu. Huko milimani sasa ndilo jina lake, na wazee hawanong'oni tena. Bila kompyuta au simu iliyounganishwa nayo, haitoi sauti. Usharika unaohitaji kinanda cha ibada usinunue kibodi ya MIDI, ununue kinanda chenye sauti na spika zake.

Mtauliza, kwa nini basi tuhangaike na kinanda bubu? Kwa sababu maagizo husahihishika. Mwalimu akikosea noti moja katika wimbo wa dakika nne, fundi huisogeza noti hiyo moja, wala wimbo haurudiwi. Sauti zikiwa juu mno kwa soprano, wimbo wote hushushwa bila kuharibika. Yale maagizo yanaweza pia kupelekwa katika programu ya bure ya MuseScore, yakachapwa kama noti za muziki kwenye karatasi na kugawiwa kwa kwaya nyingine. Aidha faili lake ni dogo sana. Sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, lakini faili la MIDI la wimbo mzima mara nyingi ni kilobaiti chache, nalo hutumwa kwa simu hata pale mtandao unaposuasua. Kwa mzee mwenye daftari moja, jambo hili si dogo.

Idadi ya vibao

Hili ndilo swali la kwanza, nalo hujibiwa kwa kuitazama kazi. Kibodi nyingi huuzwa zikiwa na vibao 25, 37, 49, 61 au 88. Kila oktava ina vibao 12, vyeupe na vyeusi kwa pamoja.

Tuchukue kwaya ya sauti nne. Besi hushuka mpaka E ya chini, ambayo kwa MIDI ni namba 40. Soprano hupanda mpaka A ya juu, namba 81. Kutoka 40 hadi 81 ni noti 42. Kibodi ya vibao 25 kwa kawaida huanzia 48 na kuishia 72, hivyo besi hukosa nafasi chini na soprano hukosa nafasi juu. Mzee wetu hakukosea aliposema kimekatwa. Kibodi ya vibao 49 huanzia 36 na kuishia 84, kwa hiyo sauti zote nne zinaenea bila kubonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha. Ya vibao 61 huongeza oktava moja, inayofaa kwa mwalimu anayependa kupiga utangulizi na mapambo ya juu. Ile ya 88 ni sawa na piano kamili. Inamfaa mtu aliyejifunza piano, lakini ni ndefu na nzito, na kwa chumba kidogo ni mzigo.

Mapendekezo yetu ni haya. Kwa kwaya zinazoimba sauti nne, chini ya 49 msiende. Mkimudu, chukueni 61. Kwa kijana anayetengeneza midundo akiwa peke yake kwenye meza ndogo, 25 zinamtosha kabisa.

Angalieni pia ukubwa wa kibao chenyewe. Baadhi ya kibodi zina vibao vyembamba ili ziingie kwenye begi. Mkono uliozoea kinanda cha kanisani hupata taabu navyo. Pelekeni mpigaji dukani ajaribu mwenyewe, msimtume mhazini peke yake.

Mguso na uzito

Vibao viko vya aina tatu. Kuna vyepesi, vinavyorudishwa na springi, kama vile vya vinanda vingi vya kawaida. Vipo vya uzito wa kati. Vipo pia vyenye nyundo ndani, vinavyoiga uzito wa piano. Vya nyundo ni vitamu kwa mpiga piano, ila bei hupanda, na kibodi ya namna hiyo yenye vibao 88 mara nyingi huzidi kilo 10. Kwa sauti za ogani, ngoma na nyuzi, vibao vyepesi au vya uzito wa kati vinatosha.

Jambo la lazima ni kwamba kibodi iweze kutambua nguvu ya kidole. Ukibonyeza kwa upole sauti iwe ndogo, ukikaza iwe kubwa. Bila hivyo, wimbo wa maombolezo na wimbo wa shangwe vitatoka na nguvu moja. Kibodi nyingi za sasa zina uwezo huo, lakini ni vema kuhakikisha.

Mkinunua iliyokwisha kutumika, fanyeni jaribio hili. Iunganisheni na kompyuta, mbonyeze kila kibao kimoja kimoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Kibao kinachotoa sauti kubwa daima hata kikiguswa kwa upole, au kinachonyamaza mara kwa mara, kina uchafu au kimechakaa ndani. Kimoja kinaweza kusafishwa. Vikiwa vinane, rudini nyumbani na fedha zenu.

Vya lazima na vya mapambo

Taa na vinobu vingi huvutia macho dukani. Tuvipange kwa faida yake.

Gurudumu la kupinda sauti na gurudumu la kutikisa sauti ni vya muhimu, maana ndivyo vinavyofanya filimbi na nyuzi zisikike kama zinapumua. Tundu la pedali ya kushikilia sauti ni la lazima. Kibodi isiyo na tundu hilo haimfai mpiga piano. Vitufe vya kuanza, kusimamisha na kurekodi hurahisisha kazi kwa mtu anayejirekodi peke yake. Padi zinafaa kwa kupiga ngoma kwa vidole. Vinobu na vitelezi vingi ni vya msaada kwa fundi, ila kwa mwalimu wa kwaya ni mapambo.

Mtasikia pia habari za toleo la pili la MIDI, lililopitishwa mwaka 2020, linalopima mguso kwa hatua nyingi zaidi. Ni maendeleo mazuri, lakini vifaa vya toleo la kwanza vinaendelea kuelewana navyo, na kwa kazi zetu hatuoni sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya hilo tu.

Waya, umeme na pedali

Kibodi nyingi za kisasa hupata umeme wake kupitia waya wa USB kutoka kwenye kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na kibodi ndogo au ya kati hutosheka na hapo. Kwetu sisi hii ni faida kubwa, kwa sababu umeme ukikatika laptopu huendelea kwa betri na kibodi huendelea pamoja nayo. Studio yetu ya milimani imemaliza nyimbo kadhaa gizani, kwa taa ya sola na betri ya laptopu. Epukeni kuunganisha kibodi, maiki na vitu vingine kwenye kigawanyio kimoja cha USB kisicho na umeme wake. Umeme hupungua, na kibodi huzimika katikati ya wimbo.

Ulizeni kama kibodi inatambuliwa na kompyuta moja kwa moja bila kuweka programu ya ziada. Zilizo nyingi ziko hivyo, na aina hiyo mara nyingi hufanya kazi hata na simu au tableti kwa kutumia kiunganishi kidogo. Kama programu ya ziada inahitajika, nanyi mnakaa mahali pasipo na mtandao, pateni programu hiyo kabla hamjaondoka mjini.

Pedali nayo ina tabia yake. Mara nyingine inafanya kinyume: sauti hushikwa mguu ukiwa juu, na hukatika ukikanyaga. Msifikiri imeharibika. Zimeni kibodi, chomekeni pedali, kisha washeni bila kuikanyaga. Kibodi nyingi huitambua pedali wakati wa kuwaka.

Kompyuta na kuchelewa kwa sauti

Wengi hulaumu kibodi kwa kosa la kompyuta. Mwalimu anabonyeza, sauti inakuja baadaye kidogo, naye anapoteza mapigo. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuitoa. Fungu likiwa na sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kuchelewa kwa fungu hilo ni takriban milisekunde 23. Ni sawa na mwimbaji aliyesimama mita 8 kutoka kwenye spika. Likipunguzwa mpaka 256 huwa kama milisekunde 6, sawa na mita 2. Kwa hiyo wakati wa kurekodi fundi apunguze fungu, na wakati wa kuchanganya sauti aliongeze ili kompyuta ipumue. Kwenye Windows tumieni programu ya sauti ya aina ya ASIO. Mkiwa na kadi ya sauti ya nje yenye programu yake, ni bora zaidi.

Kuhusu programu za kutengeneza muziki, LMMS hupatikana bure, na GarageBand hupatikana bure kwa wenye kompyuta za Apple. Kibodi nyingi mpya pia huja na toleo dogo la programu fulani ndani ya bei yake, hivyo ulizeni dukani. Tafadhali msiweke programu za wizi. Zinaleta virusi, na mradi wa kanisa hauwezi kujengwa juu ya kitu kilichoibwa.

Kwanza angalieni mlicho nacho

Hapa tunaomba wahazini wasikilize kwa makini. Sharika nyingi zina kinanda cha Yamaha cha aina ya PSR. Kitazameni nyuma. Kama kuna tundu la mraba lililoandikwa "USB TO HOST", kinanda hicho kinaweza kuwa kibodi ya MIDI kwa waya wa USB wa aina ile inayotumika kwenye printa. Si vyote vyenye tundu hilo, na baadhi ya vile vya bei ya chini havina. Vinanda vya zamani vyenye matundu mawili ya duara ya pini tano navyo huweza kuunganishwa kwa waya maalumu. Sharika mbili zilizotuletea maombi tuliwashauri watazame nyuma ya kinanda chao. Usharika mmoja haukununua kibodi tena, ulinunua waya tu.

Kama hakuna, na mnataka mifano ya kuanzia mazungumzo dukani, Keystation za M-Audio ni rahisi na hupatikana kwa vibao 49, 61 na 88. Launchkey za Novation zina padi na vinobu kwa wanaovihitaji. Zipo nyingine nzuri. Linganisheni mbili au tatu kwa maswali tuliyoyataja, wala jina lisiwatishe.

Kibodi isichoweza

Kibodi imegawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa. Muziki wetu wote haukai humo. Anayemfahamu marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, anajua jinsi ilimba na zeze za Wagogo zinavyosimama kwenye sauti ambazo vibao vya kinanda hupita juu au chini yake kidogo. Mkilazimisha wimbo wa namna hiyo kwenye kibodi, mtapata wimbo mwingine. Ilimba, zeze, kayamba na ngoma zirekodiweni kwa maiki, zipigwe na wenyewe. Kibodi isaidie pale inapofaa. Na sauti za wanakwaya hakuna kifaa cha kuzibadilisha.

Namna ya kuandika katika bajeti

Mali bila daftari huisha bila habari. Kuanzia sasa, ombi lenye mstari wa "Kibodi, 1" litarudishwa na ofisi yetu, nasi wenyewe tumejifunga kwa sharti hilo. Andikeni: kazi ya kibodi, jina la nafasi ya atakayeipiga, idadi ya vibao, ukubwa wa vibao, kutambua nguvu ya kidole, tundu la pedali, na namna ya kupata umeme. Ongezeni pedali, stendi, waya wa akiba na kitambaa cha kufunikia vumbi, kwa sababu vitu hivyo husahaulika, na kibodi hukaa miezi ikivisubiri. Andikeni pia itatunzwa na nani, na kama iko nyumbani kwa mtu, ni mali ya nani akihama. Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu huko hakuishii kwenye bei.

Tulipofikia

Ile kibodi ya vibao 25 hatukuitupa. Iko kwa vijana wa usharika, wanaitumia kutengeneza midundo, na padi zake zinafanya kazi iliyokusudiwa. Wao walichangia sehemu ya thamani yake. Kwaya nayo ilifanya changizo la mazao, na kwa fedha hizo mbili tukanunua kibodi ya vibao 61, iliyotumika, baada ya mzee mwenyewe kuijaribu kibao kwa kibao.

Siku ya kwanza alipoikalia alipiga wimbo mzima, mikono yote miwili, bila kusimama. Fundi hakuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi. Alipomwambia, mzee alicheka, akaupiga tena.

Mpaka leo nyimbo 19 kati ya 43 zimeingia. Siku ambazo macho yanakataa, mwanafunzi wake, binti wa sauti ya alto, humsomea sol-fa kwa sauti naye hupiga, au binti hupiga na mzee humsahihisha. Nakala zimewekwa sehemu tatu: studio, ofisi ya usharika na ofisini kwetu. Zimebaki nyimbo 24.

Wageni wetu mmeuliza asubuhi ni kifaa gani kinachohitajika sasa. Kwa usharika ule, hakuna. Kinachohitajika ni nauli ya mzee na binti, mara mbili kwa mwezi, kutoka kwao mpaka studio na kurudi, ili zile 24 zimalizike angali anaweza kutuambia ni wapi tumekosea. Mchanganuo wake uko kwa mhazini, ukurasa mmoja, na kila mstari umeandikwa kwa ukamilifu.

Kuuliza si ujinga, hivyo tunakaribisha maswali.